Maji Baridi ya Jytte

Septemba 12

Naanza kuandika kwa sababu nyumba imenyamaza. Redio ninayo, lakini redio husema yake tu, haikuulizi umekula nini. Mke wangu Jytte yuko makao ya wazee tangu mwisho wa Julai. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, mkono na mguu. Mdomo kilimwachia. Mimi nashukuru, ingawa majirani zake pale makaoni sidhani kama wanashukuru.

Mimi ni Flemming Brandstrup, mzaliwa wa Amager, kisiwa cha kusini mwa mji wetu, dereva mstaafu wa malori makubwa. Nimelala Izmir, nimekula Napoli, nimetapeliwa Marseille na kumtapeli aliyenitapeli. Shule niliiacha mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Leo nimekabidhiwa baiskeli ya abiria ya makao. Magurudumu mawili mbele, moja nyuma, na mbele kuna kiti kipana cha watu wawili chenye blanketi na paa la turubai. Mimi nakaa nyuma nakanyaga, na betri inasaidia. Lone, mkuu wa makao, alitaka kunifundisha breki. Nikamwambia, "Binti yangu, nimeteremsha tani arobaini milima ya Alps, breki zinanuka moshi."

"Vizuri sana, mzee Flemming," akasema. "Sasa nionyeshe breki ya kuegeshea iko wapi."

Ilichukua muda kidogo.

Septemba 15

Safari ya kwanza. Nilitaka kumfurahisha, nikavuka daraja la Langebro nikaelekea Nyhavn moja kwa moja, kwenye zile nyumba za rangi rangi. Jytte akageuza shingo kadiri alivyoweza.

"Wewe Flemming, mimi nimekuwa mtalii lini?"

"Pazuri hapa, mama. Watu wanatoka Japani kupaona."

"Basi waachie Wajapani. Nitoe hapa kabla sijauziwa sumaku ya friji."

Akaanza kuniongoza kwa mkono wake mzima, kulia, kushoto, kulia, kama polisi wa barabarani. Tukapita nyuma nyuma mpaka kwenye maziwa ya mjini, pale ambapo watu hukimbia asubuhi na kuachana jioni. Tukanunua mikate ya iliki kwa yule mwokaji asiyejua kutabasamu. Kisha makaburini Nørrebro, kwa sababu hapo ndipo kuna nyasi bora za kunywea kahawa. Tuliketi karibu na kaburi la profesa fulani. Jytte akammwagia makombo ya mkate. "Ndege watakuja," akasema, "atapata wageni."

Kurudi, upepo wa usoni. Vijana wananipita huku wanagonga kengele. Mmoja akanipigia kelele, "Kaa kulia, babu!" Nilitaka kumjibu kitu cha Kiitalia nilichojifunza Napoli, pumzi ikakataa.

Magoti yanawaka moto. Jytte aliniuliza kama nimechoka. Nikasema, mimi? Kuchoka?

Septemba 19

Mvua. Hatukutoka.

Septemba 20

Mvua. Nilikwenda kwa miguu. Alikuwa amegeukia ukuta.

Septemba 24

Leo nimejua anachotaka.

Tulikuwa ufukweni, mashariki ya Amager, kwenye njia ya lami. Mbele yetu klabu yake ya maji baridi: nyumba ya mbao juu ya nguzo, imesimama baharini, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na katikati uzio mrefu wa mbao unaoingia majini. Jytte ni mwanachama tangu Sidsel, binti yetu, alipokuwa shule ya msingi. Kila asubuhi ya majira ya baridi alikuwa anaingia baharini, anatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, halafu anakwenda kufungua saluni yake na kukata watu nywele mpaka jioni. Mimi nilikuwa barabarani. Nikipiga simu kutoka Ulaya ya Kusini ananiambia nyuzi joto za maji. Mimi namwambia bei ya nyanya.

Akasema, bila kunitazama, "Asiyeingia majini kabla ya Desemba mosi nafasi yake anapewa mwingine."

Najua sheria hiyo. Mji mzima unaijua. Watu wanaosubiri nafasi ni wengi kuliko wenye nafasi, na wanasubiri miaka. Kuna watu wameandikishwa na bibi zao.

"Watakuelewa," nikasema. "Umepigwa kiharusi."

"Sitaki kueleweka. Nataka kuingia."

Nikacheka. Ndivyo ninavyofanya kila mara, nacheka kwanza. Yeye hakucheka.

"Sikiliza, Flemming. Wananilisha, wananivalisha, wananigeuza usiku kama mkate kwenye oveni. Wewe unanizungusha mjini kama malkia aliyepinduliwa, naangalia wenzangu wakiishi. Nashukuru. Lakini kama majini siingii tena, basi hiyo baiskeli warudishie, na uniache nilale."

Nimemwoa mwanamke huyu miaka mingi iliyopita. Najua anapotania na najua anapomaliza.

Jioni Lone akaniambia Jytte ameacha tena chakula chake, isipokuwa kahawa.

Oktoba 1

Ufunguzi wa msimu wa klabu. Walipandisha bendera, wakaimba, kisha wakavua wote nguo na kujitosa wakipiga mayowe. Sisi tulitazama kutoka kwenye njia, tumejifunga blanketi. Ragnhild alikuja kutusalimia ndani ya joho la taulo. Ndiye mwenyekiti wa upande wa wanawake, mkunga mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya kuita meli. Mimi sijawahi kumpenda. Anajua kila kitu na anakijua kwa sauti.

"Shemeji! Mwaka huu unavua au tena unashika mkoba?"

"Mimi nimeoga bahari zote, Ragnhild."

"Zote za moto," akasema Jytte.

Wakacheka wawili. Mimi nikachunguza mnyororo wa baiskeli, haukuwa na shida.

Niseme humu, kwa kuwa hakuna anayesoma: maji baridi nayaogopa. Si kidogo. Nikiingiza kidole tu nakitoa kama kimeng'atwa. Nimevuka theluji ya Brenner, kule milima ya Alps, bila minyororo ya matairi nikipiga mluzi, lakini bahari ya kwetu hapa, Oktoba, hapana.

Oktoba 3

Nilimuuliza Lone kama Jytte anaweza kuingia majini. Akasema hapana, kwa upole sana, kama mtu anayekufungia mlango huku ameshika kitasa ili mlango usipige kelele.

Oktoba 4

Nilimuuliza Sidsel kwa simu. Yeye hakuwa na upole.

"Baba, umerukwa na akili? Moyo wake utasimama!"

"Mama yako anataka."

"Mama anataka pia kuendesha gari na kumpiga jirani yake wa chumba. Mwaka huu wewe ndiye mtu mzima, tafadhali."

Mwanangu anafundisha hesabu Roskilde. Amekuwa mtu mzima tangu ana miaka minne. Nilikata simu nikiwa nimekasirika, lakini sikuweza kupata kosa katika alichosema.

Oktoba 11

Vesterbro, barabara za nyuma. Soseji kwenye mkokoteni wa soseji, yenye kitunguu cha kukaanga. Jytte alikula nusu. Nikajiona nimeshinda uchaguzi.

Oktoba 14

Likizo ya vuli ya shule. Watoto kila mahali, baiskeli zao zinapinda kama nyoka. Mguu wangu wa kulia umevimba. Giza linakuja mapema.

Oktoba 17

Hakula.

Oktoba 18

Hakula. Niliketi naye mchana kutwa nikamsimulia habari za Izmir. Akasema, "Mwaka jana ulipoisimulia hiyo, samaki alikuwa mdogo zaidi." Kisha akalala.

Oktoba 20

Naandika haya usiku.

Asubuhi jua lilitoka, lile la vuli ambalo linaangaza halipashi. Jytte akasema twende maziwa. Tukazunguka maziwa yote, tukatoka mpaka Østerbro, tukarudi. Nilikuwa najionyesha. Nilimpita mwanamume aliyevaa nguo za kubana za mashindano, kwa sababu alikuwa amesimama kwenye taa, lakini nilimpita. Betri ikaisha kwenye Langebro. Yeyote mwenye akili angemrudisha abiria nyumbani.

"Nipeleke nikayaone maji," akasema.

Nikamkanyagia kwa nguvu za miguu tu mpaka ufukweni. Upepo ulitupiga usoni njia nzima. Tulipofika nilikuwa naona nyota mchana, na nikamwambia hii si kitu, kwenye mlima wa Brenner ilikuwa mbaya zaidi. Klabu ilikuwa imefungwa, ni saa za usafi. Kando yake kuna gati la umma la mbao, jembamba, linaloingia baharini.

"Nisogeze," akasema. "Nataka kuyasikia."

Sasa. Mtu wa mahali pengine popote duniani angesimamisha baiskeli mchangani, angeshuka, angefikiri. Lakini mtu wa mji huu haamini kwamba kuna mahali baiskeli haifiki. Sisi tunahamisha nyumba kwa baiskeli. Tunabeba friji, tunabeba maharusi, nimewahi kuona jeneza. Hata haikunijia akilini kushuka. Niliingia kwenye gati nikiwa juu ya kiti, nakanyaga, nikisema, "Shikilia kofia, mama."

Mbao zilikuwa na ute wa mwani. Mbele ya baiskeli ni pana, gati jembamba. Nikaona gurudumu la kushoto linapita ukingoni, nikashika breki, na baiskeli ikateleza, ikainama kama ng'ombe anayepiga magoti. Jytte akamwagika kutoka kwenye kiti. Alianguka kwenye mbao, kwa kiuno, upande wa kushoto, ule usioweza kujishika. Blanketi likaenda majini. Yeye hakwenda, alibaki pale ukingoni, uso chini, nywele zake zinapepea juu ya maji.

Nikamshika. Nilishindwa kumnyanyua. Mimi, niliyewahi kubeba mgongoni mashine ya kufulia mpaka ghorofa ya nne kwa sababu tu jirani alibisha. Miguu yangu ilikuwa imekwisha, yote niliiacha njiani kwenye maringo. Nikakaa kwenye mbao zenye maji nikamkumbatia ili asiteleze zaidi, nikaanza kuita watu.

Jytte akasema kwa utulivu, "Usipige kelele hivyo, Flemming. Watafikiri nakuua."

Walikuja baba mmoja na watoto wake wawili, na mwanamke aliyekuwa na mbwa. Wakatufunika makoti yao. Gari la wagonjwa likaja. Jytte alipokuwa anaingizwa, alinyoosha mkono wake mzima kuelekea baharini, vidole vimetanda. Nilidhani ananiita mimi.

Oktoba 21

Hakuvunjika. Kiuno chote ni cheusi. Anakohoa.

Lone amenivua ruhusa ya baiskeli. Hakugomba. Alinyoosha mkono na mimi nikampa funguo. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza.

Oktoba 22

Sidsel alikuja na treni. Aliniambia yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, na tangu akiwa na miaka saba. Kwamba siku zote mimi ndiye mwenye hadithi na mama ndiye mwenye kazi. Kwamba mama alikuwa anasukuma maisha peke yake, na mimi nikirudi najipanga mbele ya kamera. Alipomaliza akalia, akanikanda mabega kwa nguvu kama anakanda unga, akaenda kuosha vyombo vyangu vya juma zima.

"Baba, unakula nini humu ndani?"

"Mkate mweusi na maini ya kusaga."

"Kila siku?"

"Jumapili naongeza tango."

Oktoba 27

Homa imeshuka. Anakunywa supu kwa sababu muuguzi mmoja mgeni anamfokea. Mimi ningemfokea tangu zamani kama ningejua ndiyo dawa.

Novemba 2

Kijivu.

Novemba 3

Kijivu. Nilifika mpaka mlangoni kwake nikamkuta amelala, nikarudi. Nilipanda ngazi za kwetu nikapumzika mara mbili.

Novemba 9

Kengele ya mlango. Ragnhild, na mfuko wa mikate. Nikafikiri amekuja kunihutubia, nikamwambia, "Ingia, kiti cha washtakiwa kile pale."

Akakaa mwenyewe kwenye kiti hicho. Bila bahari nyuma yake ni mwanamke mzee, mdogo, mwenye magoti mabovu kuliko yangu.

"Jana nilimwosha nywele," akasema.

"Nani?"

"Jytte. Wanawake wa klabu tunakwenda kila Jumatatu, watatu watatu. Hakukwambia? Alitukata nywele miaka yote kwa nusu bei, mwanamke yule, na wengine bure walipoachwa na waume zao. Sasa tunamwosha sisi. Anasema tunafanya vibaya."

Sikujua. Miezi yote hii nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayeingia chumba kile. Nilikuwa najipongeza kwa hilo, niseme kweli. Nikachukua mkate ili kinywa kiwe na kazi.

"Shemeji," akasema Ragnhild, "wewe si mjinga sana. Ulichotaka kufanya kilikuwa sawa. Ulikosea kitu kimoja tu."

"Gati."

"Hapana. Ulikwenda peke yako."

Halafu akanieleza. Klabuni kuna ngazi pana za kushukia majini, upande wa wanawake. Watamweka kwenye kiti cha bustani cha plastiki, kile cheupe, wanawake wanne watakishika, wengine watakuwa wamesimama majini wakingoja. Yeye mwenyewe atakuwa mbele, mkono kwenye mshipa wa shingo. "Nimepokea watoto elfu wakiingia duniani wakilia. Naweza kumpokea mmoja akiingia majini." Daktari wa Jytte wamemwona. Alisema hawezi kupendekeza. Walipombana sana akasema pia hawezi kukataza, na kama ni mama yake yeye, angemwacha akae muda mfupi tu, chumba cha joto kiwe tayari, na asizamishe kichwa.

"Na Lone?"

"Lone ni kazi yako. Wewe ndiye uliyevunja imani yake."

Novemba 12

Nilivaa shati la kola. Nilimwambia Lone kila kitu, bila Alps, bila Izmir. Nilimwambia kwamba mke wangu anaondoka, anaondoka kidogo kidogo akiwa amelala upande ule, na kwamba mimi nimejaribu kumshika kwa soseji na maziwa ya mjini na makaburi na nimechoka, na sijui kitu kingine.

Lone akainuka. Kisha akaenda chumbani kwa Jytte, akavuta kiti, akamuuliza yeye. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kumuuliza yeye, sote tulikuwa tunaulizana sisi.

"Bibi Jytte, unajua kwamba unaweza kufa?"

"Popote ninaweza. Hapa kwenye kitanda chako pia, na kwa supu yako ndiyo haraka zaidi."

"Unataka?"

"Nataka kuingia majini nikiwa na wenzangu. Kufa nitapanga siku nyingine."

Lone akasema kwamba Jytte ana akili zake timamu na mwili ni wake, na makao haya si gereza. Kisha akanigeukia. "Lakini baiskeli, mzee Flemming, hupandi kwenye mbao yoyote. Unashuka. Unaisukuma kwa mikono. Rudia."

"Nashuka. Nasukuma kwa mikono."

Sidsel sijamwambia bado.

Novemba 14

Nimemwambia. Akasema, "Nitakuja kushika taulo."

Novemba 20

Jytte amekula viazi, samaki wa siki, na nusu ya chakula cha jirani yake wa chumba.

Novemba 23

Ndiyo ilikuwa siku iliyopangwa. Dhoruba. Bahari ilikuwa inarusha maji juu ya paa la klabu. Ragnhild akapiga simu: hapana. Jytte alitupa kikombe.

Novemba 25

Upepo. Naamka alfajiri natazama miti ya uani. Siku zinaisha na hali ya hewa ya nchi hii haijali mtu.

Novemba 26

Upepo.

Novemba 27

Upepo, lakini umechoka kama mimi.

Novemba 29

Jana tuliingia.

Asubuhi ilikuwa kimya, bahari laini, rangi ya risasi. Nilimkanyagia Jytte taratibu, betri imejaa. Sidsel alikuwa kando yetu kwa baiskeli yake. Kwenye mbao za klabu nilishuka nikasukuma kwa mikono. Wanawake walikuwa wamesimama mlangoni na majoho yao, kama ishirini hivi, wanene na wembamba, wengine na fimbo za kutembelea. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja tu alisema, "Umechelewa, Jytte, kahawa imepoa," na Jytte akamjibu, "Yako hata ikiwa moto hainyweki."

Wakamchukua. Sidsel akaenda nao. Na Ragnhild akanisimamisha kwa kiganja kifuani.

"Wewe upande wa wanaume, shemeji."

"Mimi ni mume wake!"

"Na huu ni upande wa wanawake. Kule kwa wanaume mgeni anaruhusiwa, kwa siku moja. Unajua taratibu, hakuna nguo."

Basi nikajikuta mimi, Flemming Brandstrup, nimesimama uchi juu ya mbao zenye umande mwishoni mwa Novemba. Hakukuwa na mwanamume mwingine ila mzee mmoja mwembamba aliyekuwa anakata kucha. Kati yangu na mke wangu kulikuwa na uzio, na uzio ule ulijengwa na mtu aliyejua kazi, hauna hata ufa. Nikaweka sikio.

Nilisikia kiti kikiburuzwa. Nilisikia Ragnhild: "Ngazi ya kwanza. Pumueni. Ya pili." Nilisikia Jytte akitukana, matusi ya Amager halisi, yale ya sokoni tulipokuwa wadogo, nikatabasamu. Kisha maji yakapiga mbao. Kisha akatoa sauti moja, fupi, kama mtu aliyekatwa. Kisha kimya.

Nikangoja. Kimya.

"Jytte?" nikaita.

Hakuna. Wanawake ishirini upande wa pili na hakuna hata mmoja anayesema, na katika mji huu wanawake ishirini hawajawahi kunyamaza kwa sababu nzuri. Nikamuita Sidsel. Nikasikia mtu analia taratibu. Nikajua Jytte ameondoka. Nikajua nimemleta mimi, kwa miguu yangu, mpaka kwenye kifo chake, na sikuwepo, kama ambavyo sikuwepo siku zote, niko upande mwingine wa kitu.

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka maji yalinishika kifua kama mtu aliyekuwa ananidai, na sauti niliyotoa hata yule mzee aliacha kucha zake. Niliogelea. Sijui kuogelea vizuri. Nilifuata uzio kuelekea baharini, nikishikilia nguzo moja baada ya nyingine, mwani mikononi, nikafika mwisho wake, nikauzunguka.

Walikuwa wamesimama majini mduara, wamenyamaza. Katikati yao Jytte, maji mpaka shingoni, Ragnhild nyuma yake amemkumbatia kwapani. Kiti cha plastiki kilikuwa kimeachwa ngazini, kitupu. Macho ameyafunga. Mkono wake wa kushoto, ule mfu, ule ambao siku zote anaubeba mapajani kama mzigo wa mtu mwingine, ulikuwa umeinuka. Maji yalikuwa yameubeba. Ulikuwa unaelea mbele yake, wazi, mwepesi, na yeye alikuwa anausikiliza. Ndivyo alivyokuwa, kama mtu anayesikiliza. Aliyekuwa analia alikuwa Sidsel, juu, na taulo yake.

Jytte akafungua jicho moja.

"Flemming. Toka. Huku ni kwa wanawake."

"Nilidhani... nilidhani umekufa!"

"Bado. Ila wewe midomo yako ni ya bluu. Mtoeni huyu, anachafua maji."

Hapo ndipo wakaanza kelele, wote kwa pamoja, na mmoja akanisukuma kwa fimbo yake ya kutembelea. Ragnhild akatangaza, kwa ile sauti ya kuita meli, kwamba mwanamume anayevuka uzio anafungiwa klabu hii maisha. Meno yangu yalikuwa yanagongana, sikuweza kujibu. Lakini niliwaza: kufungiwa maisha, asante Mungu.

Wakamtoa. Chumbani kwenye joto alikaa katikati yao akiwa mwekundu, akila mkate wa siagi na jibini huku akimwambia mmoja kwamba nywele zake zimekatwa na mtu mwenye chuki naye. Nafasi yake imebaki. Waliithibitisha kwa kunyoosha mikono, na Jytte alinyoosha wake mzima.

Usiku Lone alimpima. Akasema mapigo ni mazuri kuliko yangu.

Novemba 30

Leo nilifika makaoni asubuhi kumtoa. Nilikuwa na mpango: Christianshavn, kisha ng'ambo kwenye karakana za zamani za meli, nimwonyeshe mahali ambapo hata yeye hajafika. Maungo yote yananiuma, hata kope. Nilimpakia, nikamfunika, nikazunguka nyuma kupanda. Mguu ukakataa kupita juu ya kiti. Nikajaribu tena. Nikajifanya natazama tairi.

"Flemming," akasema.

"Twende wapi, mama? Leo sema wewe."

"Weka breki."

Nikaweka. Safari hii nilijua iko wapi.

"Njoo huku mbele."

"Mbele ni pa abiria."

"Kiti ni cha watu wawili na mimi nimekuwa nakaa peke yangu tangu Septemba. Njoo."

Nikaketi kando yake. Kutoka pale mbele mtu anaona vingine kabisa: hakuna usukani, hakuna mgongo wa mtu, kuna barabara tu na makoti ya watu wakipita. Hatukwenda popote. Tulikuwa uani pa makao, karibu na mapipa ya taka, mawingu ya chini. Akanivutia blanketi kwa mkono wake mzima mpaka kidevuni, kama anavyofunika wateja kabla ya kuwakata nywele, na kuanza kunieleza, polepole, maji ya juzi yalikuwaje. Hajamaliza sentensi ya pili nikawa nimelala.